Kisima cha mtaa kinanuka petroli: kaunti inawajibika wapi, na sisi tuanze na nini?

kamati_kisimani

Wadau, hamjambo. Nauliza kwa niaba ya kamati ya kisima upande wa Kisauni, Mombasa. Kisima kilichimbwa kwa mkono ndani ya jiwe la matumbawe, kina mita 14, upana mita 1.2, na maji ndani hayapiti mita 2. Umbali hadi kituo cha mafuta kilichofungwa ni mita 60 hivi, na matangi hayajang'olewa. Upande wa pili kuna gereji. Tangu masika kukatika maji yananuka petroli, na ndoo ikilala, asubuhi juu yake kuna utando wa rangi rangi. Wengine huyatia dawa ya klorini, wengine huyachemsha wakapikia.

Kila ofisi inatuelekeza kwa nyingine. Mwenye kituo asema mafuta ni ya gereji, gereji yasema ni ya kituo. Naomba wenye ujuzi watueleze: kaunti ina mamlaka gani hasa, au yote ni ya Nairobi? Vipimo gani vinafaa ili barua yetu isitupwe? Na kusafisha kwenyewe huwaje kwenye mwamba kama wetu?

mpima_maji

Kabla ya barua, usalama. Acheni kuyachemsha leo hii. Klorini haiondoi petroli, na kuchemsha kunatoa benzeni kwenye maji na kuileta puani mwa anayepika, tena karibu na moto. Kuoga nayo pia kuna madhara, kwa sababu mvuke hujaa bafuni. Mtu asishuke kisimani kwa sababu yoyote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa chini, na aliyeshuka huzimia kabla hajajua. Msiwashe kiberiti wala sigara pale, na kama kuna pampu ya umeme zimeni swichi iliyo mbali na kisima. Mfuniko uwepo lakini uwe na tundu la kupumulia.

Sasa kipimo cha kwanza, ambacho hakihitaji maabara. Wahudumu wa vituo vya mafuta wana dawa ya rangi wanayopaka kwenye fimbo ya kupimia tangi, inayogeuka rangi ikigusa maji. Ipakeni kwenye uzani mrefu uliofungwa kwenye tepu, mteremshe taratibu hadi uzame kidogo tu, mvute. Sehemu iliyolowa bila kugeuka rangi ni mafuta yanayoelea, iliyogeuka ni maji. Uzani uwe shaba au plastiki, si chuma, ili usitoe cheche ukigonga jiwe. Andikeni unene kwa milimita na saa mliyopima.

Saa ni muhimu kwetu kuliko wanavyodhani wapimaji wanaotoka bara. Maji ya chini karibu na pwani hupanda na kushuka na bahari, na matumbawe yana nyufa na mapango yanayopitisha maji upesi. Ukipima kisima kimoja maji yakijaa na kingine yakipwa, utachora mwelekeo wa mtiririko ulio kinyume kabisa. Chagueni visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, vipimwe ndani ya nusu saa, siku ya maji mafu (bahari inapopanda na kushuka kidogo), halafu mrudie siku ya bamvua (inapopanda na kushuka sana). Usawa wa vinywa vya visima mnaweza kuupata kwa mpira wa maji wa waashi, hatua za mita 15 hadi 20 kila moja. Mkishajua maji yanaelekea wapi, ule ubishi wa kituo na gereji utakuwa umepata nusu ya jibu. Nusu nyingine itatoka maabara.

Kwenye maabara ombeni benzeni, tolueni, ethilibenzeni na zaileni, pamoja na jumla ya mafuta yaliyogawanywa kwa ukubwa wa molekuli: kaboni 6 hadi 10 ndiyo petroli, kaboni 10 hadi 28 ndiyo dizeli. Oili chakavu ya gereji iko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo mwambieni mtu wa maabara aendelee hadi kaboni 40. Karatasi inayosema tu "mafuta yamo" haimfungi mtu yeyote. Shirika la Afya Duniani linaweka benzeni mikrogramu 10 kwa lita kwenye maji ya kunywa, linganisheni na hiyo.

Chupa ni za kioo za mililita 40 zenye kizibo cha utando wa tefloni, mbili au tatu kwa kila kisima. Jazeni hadi maji yavimbe mdomoni, mfunge, mpindue. Mkiona povu hata moja, mwageni mrudie, kwa sababu benzeni hukimbilia kwenye hewa ile. Maabara nyingi huweka tone la asidi ndani ili sampuli idumu siku 14. Kwenye maji ya matumbawe hilo huharibu kazi: chokaa ikikutana na asidi inachemka na kutoa gesi, na chupa inajaa mapovu. Ombeni chupa zisizo na asidi, muweke kwenye barafu mara moja, na zipimwe ndani ya siku 7. Kisima kinachochotwa kila siku hakihitaji kukaushwa kwanza. Mkikikausha mtavuruga ule utando juu.

afya_na_sheria

Kwa upande wa mamlaka, ndugu wa kamati, msikubali kuambiwa "si yetu" na ofisi yoyote ya kaunti.

Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti huduma za maji na usafi, maji ya mvua, taka na majaa, na afya ya umma. Lakini wembe mkali uko kwenye sheria ya zamani ambayo wengi wameisahau, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Kifungu cha 129 kinaiwekea mamlaka ya mtaa wajibu wa kuzuia uchafuzi wa maji ambayo umma una haki ya kuyatumia na unayatumia kwa kunywa au nyumbani, na wajibu wa kuyasafisha yakishachafuka. Baada ya Katiba ya 2010 mamlaka hiyo ni kaunti. Kifungu cha 118 kinakitaja kisima kilichochafuliwa miongoni mwa kero za kiafya. Cha 119 kinampa afisa wa afya nguvu ya kutoa notisi kwa aliyesababisha, na asipojulikana, kwa mwenye mahali au anayekaa hapo. Yaani ubishi wa kituo na gereji hauzuii notisi kutoka. Akipuuza, kifungu cha 120 kinampeleka mbele ya hakimu, na kazi inaweza kufanywa na mamlaka kisha gharama zikadaiwa kwake.

Kaunti ina kingine ambacho ni kikali zaidi na hakigharimu chochote: idhini ya ujenzi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kiwanja cha kituo kilichofungwa hatimaye mtu atataka kukijengea fleti au maduka. Idara ya mipango ikiweka sharti kwamba ramani haipitishwi hadi ripoti ya udongo na maji iletwe na matangi yatolewe, mwenye kiwanja atasafisha kwa sababu ardhi yake imekwama. Andikeni idara hiyo mapema, kwa namba ya kiwanja, kabla ramani haijaingizwa. Ikishapitishwa mtakuwa mnakimbiza gari lililoondoka.

NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nao wana amri ya kurejesha mazingira, kifungu cha 108 cha EMCA, sheria ya mazingira. Inaweza kumtaka mtu arudishe ardhi ilivyokuwa, na asipotii NEMA wanaweza kufanya wenyewe na kumdai. WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, wanahusika kwa sababu ni maji ya chini ya ardhi, na EPRA, wasimamizi wa nishati na petroli, kwa sababu ya matangi ya mafuta. Kwa hiyo barua ni moja, yenye anwani tano: afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo, idara ya mazingira ya kaunti, NEMA, WRA, EPRA. Kila ofisi ione kwamba wenzake wamepata. Vifungu mviandike kwa namba, na mwombe kitendo kimoja kwa kila ofisi: kaunti itoe notisi na ilete maji mbadala, NEMA watoe amri, WRA wapime visima jirani, EPRA wakague matangi. Barua inayoomba "msaada wa haraka" kwa wote haina mtu wa kuijibu. Nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Baada ya hapo kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombeni ripoti za ukaguzi wa kituo hicho. Wana siku 21 za kujibu, na ombi likihusu uhai wa mtu ni saa 48. Elezeni wazi kwamba watu wanakunywa maji hayo. Mwisho wa njia ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na kifungu cha 70 cha Katiba hakiwataki mthibitishe kwamba mtu ameshaumia.

kamati_kisimani

Allah awalipe kheri. Barua imeanza kuandikwa. Jambo jingine: katika mazungumzo imetajwa kwamba suluhisho ni kuleta gari la kunyonya choo likaondoe mafuta kisimani, na tipa la kuchimba udongo wa kituo upelekwe jaa la Mwakirunge. Je, tukubali?

fundi_matangi

Kataeni yote mawili kwa maandishi, na mseme kwa nini.

Lile gari la eksosta limejengwa kwa maji ya choo. Pampu yake inapata moto, bomba la moshi liko wazi, na mvuke wa petroli unavutwa hadi pale pale. Linaweza kulipuka mtaani. Hata lisipolipuka, dereva atakwenda kumwaga pale anapomwaga kila siku, na petroli ikifika kwenye mtambo wa Kipevu itaua bakteria wanaosafisha majitaka ya mji. Kinachotakiwa ni gari la ombwe la mafuta lenye leseni ya NEMA ya kubeba taka hatari, lenye waya wa kulitia ardhini, na karatasi ya kufuatilia mzigo inayotiwa sahihi kwa mbebaji na kwa mpokeaji. Kamati ipewe nakala ya karatasi hiyo kwa kila safari.

Udongo wenye petroli ni taka hatari, na jaa la kawaida si mahali pake. Mkiupeleka Mwakirunge mtakuwa mmehamisha kisima chenu kwa watu wa Mwakirunge.

Mpango wa kazi ulio sahihi huanza na chanzo. Matangi yanafunguliwa, mabaki yananyonywa, halafu hewa ya ndani inafukuzwa kwa barafu kavu, kilo 2 hivi kwa kila lita 1,000 za ujazo wa tangi, iliyopondwa na kusambazwa sakafuni. Kipima oksijeni kinateremshwa juu, katikati na chini, kwa sababu kipima gesi ya kulipuka hudanganya palipokosa oksijeni. Oksijeni isipopungua hadi moto usiweze kuwaka kote kutatu, tangi halikatwi wala haliinuliwi. Wengi hupima mdomoni tu, na kule chini ndiko gesi iliko. Mabomba kati ya tangi na pampu za kuuzia yang'olewe pia. Mara nyingi uvujaji huwa kwenye viungio vya mabomba, tangi likiwa zima kabisa, na mwenye kituo ataonyesha tangi zima kama ushahidi.

Shimo likiwa wazi, sampuli zichukuliwe sakafuni na kwenye kuta zote nne, na afisa wa kaunti awepo akiona. Shimo lisifukiwe siku hiyo hiyo. Mkandarasi anayetaka kufukia jioni kabla ya majibu ya maabara anaficha, hata kama hajui kwamba anaficha.

Udongo uliotoka unaweza kutibiwa palepale kama kiwanja kina nafasi na NEMA wameruhusu. Unatandika plastiki nene, unajenga ukingo wa sentimita 30 kuzunguka, na udongo unalundikwa usiozidi mita 1.5. Bakteria wamo tayari kwenye udongo. Wanachokosa ni hewa, maji na chakula. Chukueni mfano wa mita 20 za ujazo, yaani tani 32 hivi, zenye mafuta miligramu 5,000 kwa kilo. Hayo ni mafuta kilo 160, ambamo kaboni ni kilo 136. Kwa uwiano wa kaboni 100, naitrojeni 10, fosforasi 1, mtahitaji kilo 27 za mbolea ya urea na kilo 7 za mbolea ya DAP. Msitie zote mara moja, gaweni mara tatu kwa majuma kadhaa. Mbolea nyingi kwa pamoja inageuka chumvi inayowaua wale wale mnaowalisha. Udongo wetu una chokaa nyingi inayoshika fosforasi, kwa hiyo pimeni mara ya pili baada ya mwezi. Lundo ligeuzwe kila wiki mbili, liwe na unyevu wa kufinyangika mkononi bila kudondosha maji, na lifunikwe. Lianzishwe mvua za masika zikishapita. Lundo lililoloa mvua halipati hewa na linanuka badala ya kupona.

mpima_maji

Naongeza kwa fundi, na sehemu moja natofautiana na wale watakaokuja na wazo la "kupampu na kusafisha" maji yote.

Kwenye mwamba huu mafuta hayakai kama ziwa. Bamvua yanapojaa, maji ya chini yanayainua. Yanapokupwa, yanayaacha yamepakwa kwenye kuta za nyufa. Kila mwezi upako huo unapanuka juu na chini. Ndiyo maana unene mnaoupima kisimani unaweza kupotea wiki moja na kurudi wiki inayofuata, na mtu akipima siku moja tu anaweza kuapa kwamba kisima kimepona.

Visima vya kupimia, angalau vitatu, vitobolewe kati ya kituo na kisima chenu na kimoja upande maji yanakotoka. Bomba la PVC la milimita 50 linatosha. Pima sana mahali matundu ya bomba yalipo: yaanze juu ya usawa wa maji ya bamvua na yaishe chini ya usawa wa maji yakipwa. Wachimbaji wa visima vya kunywa wamezoea kuweka matundu chini kabisa maji yasikauke. Kwa kazi hii hilo ni kosa la kuvunja mradi mzima, kwa sababu mafuta yanaelea nje ya bomba na ndani unaona maji safi.

Mafuta yanayoelea yatolewe kwanza kwa pampu ya kukwangua juu, polepole. Ukivuta maji kwa nguvu hapa pwani unaita bahari. Chini ya maji matamu kuna maji ya chumvi, na yakishapanda kwenye nyufa huchukua muda mrefu kushuka. Mkandarasi apime upitishaji umeme wa maji, unaoonyesha chumvi, kabla ya kuanza na kila siku, na ukizidi wa mwanzo kwa moja ya tano asimame. Sharti hilo liandikwe kwenye mkataba wa kaunti, kwa sababu bila hilo analipwa kwa lita alizovuta na atavuta.

Maji yanayotolewa hupitishwa kwenye mapipa mawili ya makaa amilifu yaliyofuatana, na sampuli huchukuliwa katikati yao. Benzeni ikionekana katikati, pipa la kwanza limeshiba. La pili linasogezwa mbele na jipya linawekwa nyuma. Maji yetu ni magumu, chokaa hufanya ganda juu ya makaa na kuziba kabla hayajashiba, kwa hiyo kuwe na kichujio mbele na kipimo cha shinikizo. Kumwaga maji hayo mtaroni kunahitaji leseni chini ya kanuni za ubora wa maji, hata yakiwa yamechujwa.

Na kisima kisitangazwe salama kwa kipimo kimoja. Mara nne kwa mwaka, masika na kiangazi, bamvua na maji mafu. Ombeni kaunti iweke hilo kwenye notisi yenyewe.

mkaazi_jomvu

Samahani kuingilia. Kwetu shida si petroli, ni uwanja uliokuwa ukivunjwa betri za magari. Je, lundo la mbolea litafaa?

afya_na_sheria

Halitafaa, dada/kaka. Risasi iliyomo kwenye betri ni madini, hakuna bakteria wa kuila. Huondolewa, hufungwa kwa fosfati isiyeyuke, au hufunikwa. Jomvu na Miritini pia hamko juu ya matumbawe, mko juu ya mwamba wa matope na udongo wa mfinyanzi. Hiyo ni afadhali kidogo, kwani risasi hushika juu na kuzama taratibu, lakini asidi ya betri ikiwa imemwagika sana huisukuma chini. Pimeni sentimita 5 za juu, ambazo watoto hucheza nazo, kisha 15, 30 na 60. Sampuli ya juu iwe mchanganyiko wa sehemu tano au zaidi za eneo moja, si ngumi moja ya udongo. Marekani walikuwa wakitumia kiwango cha miligramu 400 kwa kilo kwa makaazi, wakakishusha hadi 200 mwaka 2024. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linaweka mikrogramu 10 kwa lita.

Wakati mnasubiri, fagieni vumbi kwa kitambaa cha maji, si kwa ufagio mkavu. Viatu viachwe nje. Watoto wapimwe damu, na ombi hilo liende kwa idara ya afya ya kaunti.

Somo la Owino Uhuru, mtaa jirani yenu uliochafuliwa kwa risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, ni la muda. Hukumu ya Julai 2020 iliagiza udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kazi hiyo, mbali na fidia ya bilioni 1.3 kwa wakaazi. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Watoto wa mwaka wa kwanza wa kesi wameshakuwa wakubwa. Kwa hiyo wakati kesi inaendelea, ombeni pia amri za muda: uzio, mabango, kufunika udongo wa juu kwa sentimita 30 za udongo safi juu ya turubai la rangi ili atakayechimba baadaye ajue amefika wapi. Hayo kaunti inaweza kuyafanya bila kungoja hukumu.

kamati_kisimani

Tumefunga kisima, bango limewekwa, na visima vitatu vitapimwa maji mafu yajayo. Nitaweka vipimo hapa kwa milimita na saa, ili mpima_maji atusaidie kuchora mwelekeo kabla barua haijapelekwa.

mpima_maji

Weka na umbali kati ya visima, na usawa wa kila mdomo. Bila hivyo sitaweza kuchora kitu.